Choo kikijaa, ni cha nani?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka)



Tulipokuwa Lugufu na Nyarugusu, choo hakikuwa kazi ya kutuumiza kichwa. Kilipojaa, shirika lilisaidia kuchimba kingine. Tukavuka ziwa, tukarudi kwetu, kila nyumba ikachimba chake. Sasa vimejaa, na hakuna anayekuja.

Tuseme kweli. Wengi wetu tunangoja mvua kubwa ya usiku, tunatoboa shimo, uchafu unakwenda na maji mpaka ziwani. Asubuhi watoto wetu wako kule kule na bidoni, wanateka maji ya kunywa. Kipindupindu kikiingia, tunalaumu maji.

Tena ziwa limepanda miaka hii. Kwenye parseli za chini, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kipimo tulichofundishwa kambini kingali kizuri: choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo pabaki mita 1.5 kabla ya kufika kwenye maji. Kama haiwezekani, tupandishe choo juu kwa mawe na saruji.

Wenye fosi septiki, musitupe ndani pedi, mifuko wala majivu. Kila mwaka pimeni kwa mti mrefu. Tope likifika theluthi ya kina, litolewe. Lakini mtu asishuke ndani hata kidogo! Hewa ya mule inaweza kumuua kabla hajaita.

Pesa itatoka wapi? Tuko na likelemba ya bati na ya biashara. Tuanze likelemba ya choo: nyumba 10 za avenyi moja zichange kila mwezi, na kila mwezi nyumba moja itolewe uchafu. Shefu wa kartie na watu wa usafi watuonyeshe pahali pa kuuzika, mbali na mto na visima.

Wafadhili, hatuombi vyoo vipya. Tunaomba pampu moja ya mkono, buti na glavu. Kazi na mchango ni vyetu.

Sisi wa komite nasi tulitoboa vyoo vyetu mvua iliyopita. Ndiyo maana tutachanga wa kwanza, na zamu yetu itakuwa ya mwisho. Daftari liko mlangoni, andikeni majina mkitoka.