Kisima kinanuka esansi: nani alete ushahidi?



Nianze na kwetu nyumbani. Msimu wa mvua uliopita, mama alichota maji ya kisima apikie bukari. Akaniita: "Kuja unuse. Hii mayi iko na harufu ya esansi." Tukachemsha, tukasema itapita. Haikupita. Juu kidogo ya avenyu yetu kuna stasio ya mafuta ya tangu siku mingi. Tukaenda kuuliza kwa heshima. Jibu tulilopata: "Leteni ushahidi kama ni mafuta yangu."

Hilo neno njo limenileta mbele yenu leo.

Hapa Likasi, ukisema uchafuzi, kila mtu anatazama upande wa viwanda vya Shituru. Iko haki. Lakini kuna uchafuzi mwingine usio na moshi wala bomba la kuonyesha kidole. Matangi ya stasio yamezikwa chini ya ardhi. Ni ya chuma, na chuma kikikaa kwenye udongo wenye unyevu kinashika kutu. Kinatoboka mahali padogo, na hakuna mtu anayeona. Tone moja kila sekunde, kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,000.

Mafuta yanashuka mpaka yanakuta maji ya chini. Kwa sababu ni mepesi, yanaelea juu yake. Lakini sehemu yake inayeyuka na kusafiri pamoja na maji kufuata mteremko, mpaka kisima cha jirani. Ndani yake kuna benzeni, sumu inayoleta kansa ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo: mikrogramu 10 tu kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maana yake gramu 1 inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho. Na benzeni inaweza kupita kikomo kabla pua haijasikia kitu. Kwa hiyo usiseme, "Yetu hainuki, tuko sawa."

Tena bamama, tafadhali: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuifanyi hii maji kuwa salama. Mvuke wa mafuta unabaki ndani ya nyumba, mnauvuta ninyi na batoto.

Msifikiri ni maneno ya Likasi peke yake. Mwezi wa Mei 2015, kule Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta la Kenya Pipeline Company, linalotoka Mombasa kwenda Nairobi, lilivuja chini ya ardhi. Mafuta yakaingia mto Thange, ambao watu walikuwa wanakunywa maji yake na kumwagilia mashamba. Wakulima walidai haki yao miaka na miaka. Marekani nayo, yenye pesa na mafundi, imehesabu zaidi ya matangi na mabomba 500,000 yaliyovuja chini ya ardhi. Waliyajua kwa sababu sheria iliwalazimisha wenye matangi kupima.

Sasa turudi kwa yule bwana. Ushahidi uko wapi? Uko kwake. Kila stasio inajua lita ilizopokea kutoka kwa lori, lita ilizouza kwenye pampu, na lita zilizobaki, kwa kutumbukiza fimbo ya kupimia ndani ya tangi. Kama hesabu inapungua kila siku, na mwizi hayuko, mafuta yanaenda fasi gani? Yanaenda kwetu. Sisi tuko na ndoo inayonuka. Yeye iko na daftari. Nani kati yetu anapaswa kufungua?

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inasema anayechafua ndiye analipa. Hatuombi zawadi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa Bwana Meya na kwa idara ya mazingira:

1. Orodha ya stasio zote za mji, na umri wa kila tangi, ibandikwe kwenye ofisi za komini, raia asome.

2. Madaftari yakaguliwe, na matangi ya zamani yapimwe kama yanavuja. Linalovuja lifungwe siku hiyo hiyo.

3. Visima vya karibu vipimwe na maabara ambayo mwenye stasio hakuichagua, lakini gharama ilipwe na yeye. Wakati tunangoja majibu, familia ziletewe maji safi.

Na sisi? Kila kartye iandike visima vyake: fasi kiko, kina chake, siku harufu ilianza, umbali na stasio. Kisima kinachonuka, acheni kunywa, msisogeze moto wala sigara. Na mtu asiende kurusha mawe kwa stasio. Wale bapompisti wanaouza pale wanavuta hewa ileile, tena saa zote.

Mama sasa anatembea asubuhi na bido mbili kutafuta maji kwa jirani wa mbali. Hajui benzeni ni nini. Lakini alinusa, na hakukosea.

Jumamosi tunaanza kuandika visima vya Kikula. Kuja na kalamu.