AKINA MAMA WATU WAZIMA NA UKIMWI
(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye sherehe ya miaka 10 ya kikundi)



Pilau inanukia, basi sitawachelewesha. Kikundi kilipoanza wengi wetu tulikuwa na miaka arobaini na kitu. Sasa tunaitwa bibi. Na bibi, watu hudhani, hana habari na UKIMWI ila kulea yatima tu.

Hata watafiti walitusahau. Hapa Tanzania tafiti za kitaifa za 2003-04, 2007-08 na 2011-12 zilipima watu wa miaka 15 hadi 49. Ukifika 50, huhesabiwi! Ule wa 2016-17 ndio uliotuingiza.

Huko Agincourt, Afrika Kusini, kuanzia 2014 watafiti waliwafuata majumbani watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi. Walipima damu, presha, sukari, hata kumbukumbu. Katika kila watu 100, kama 23 walikuwa na virusi, na zaidi ya nusu walikuwa na presha. Maana yake mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo mweleze daktari dawa zote unazomeza.

Kwa nini sisi? Hedhi ikikoma, hofu ya mimba inakwisha na kondomu inatupwa. Tena ukeni panakuwa pakavu, ngozi nyembamba, inachubuka upesi. (Msicheke, wageni watatushangaa.) Halafu mama akikonda tunasema ni uzee, anafika kliniki amechelewa.

Dawa zipo, zilianza kutolewa bure nchini 2004. Aliyeanza wakati ule akiwa na miaka 45 leo amevuka 60. Akizimeza sawasawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, kinachotukwamisha ni nauli na aibu. Mwanachama akiomba fedha za mfuko wa jamii aende kupima, anaulizwa mbele ya kikao anaumwa nini. Nani atasema? Napendekeza Mweka Hazina ampe nauli ya kwenda na kurudi, daftarini iandikwe "matibabu", basi. Wapo watakaosema fedha zitaliwa. Labda kidogo, lakini nauli haijamtajirisha mtu. Naomba Katibu aliweke kwenye ajenda ya kikao kijacho.