Pembe ya Tone la Damu: Trigonometria Mbele ya Mahakama

Tone la damu likiwa hewani ni tufe. Wachoraji hulipa umbo la chozi lenye ncha, lakini uso wa kimiminika hujivuta kutoka kila upande na kulikusanya. Likianguka wima sakafuni huacha doa la duara. Likija kimshazari, doa hurefuka likawa duaradufu, mara nyingi lenye mkia unaoonyesha tone lilikuwa linaelekea wapi.

Hapo hesabu ya kidato cha pili huingia katika eneo la mauaji. Upana wa doa huchukuliwa kuwa sawa na kipenyo cha tone, na urefu wake huwa upande mrefu wa pembetatu mraba. Gawanya upana kwa urefu, unapata sini ya pembe ambayo tone liligonga nayo sakafu. Doa la milimita 4 kwa 8 linatoa 0.5, yaani nyuzi 30. Mkia haupimwi.

Eduard Piotrowski alichapisha mjini Vienna mwaka 1895 utafiti wake kuhusu damu inayoruka kichwa kinapopigwa. Mwaka 1939 Mfaransa Victor Balthazard na wenzake wakaeleza uhusiano wa upana, urefu na pembe, na ndio unaotumika hadi leo.

Doa moja halitoshi. Mchunguzi huchagua madoa kadhaa, akavuta mstari kurudi nyuma kutoka kila moja, na kutafuta inapokutania mistari hiyo. Kisha huja tanjenti. Tuseme doa letu la nyuzi 30 liko sentimita 120 kutoka kwenye makutano: 120 mara 0.577 ni karibu sentimita 69 juu ya sakafu. Lakini hesabu hii imechukulia kwamba tone lilisafiri katika mstari ulionyooka, ilhali mvutano wa dunia hulipinda njiani. Chanzo halisi kilikuwa chini zaidi, kwa hiyo 69 ni kikomo cha juu tu. Hata hivyo kikomo hicho kina uzito. Madoa mengi yakikubaliana nacho, shahidi anayesema mtu mzima alipigwa kichwani akiwa amesimama ana maswali ya kujibu.

Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba hatari kubwa imo katika mkono unaopima na katika uamuzi wa doa lipi lihesabiwe, kabla kikokotoo hakijaguswa. Chukua doa lenye urefu wa milimita 10. Upana ukisomwa 3.0 badala ya 3.3, pembe hubadilika kwa nyuzi zisizofika 2. Ukisomwa 9.5 badala ya 9.8, tofauti ile ile ya milimita 0.3 huisogeza pembe kwa karibu nyuzi 7! Madoa yanayokaribia duara ni mashahidi dhaifu, na wino wa ripoti hauwezi kuyaimarisha.

Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilionya kwamba mashaka katika uchambuzi wa madoa ya damu ni makubwa mno. Indiana ilikuwa na mfano hai. Askari wa zamani wa jimbo hilo alishtakiwa kwa kumuua mkewe na watoto wao wawili mwaka 2000. Wataalamu walibishana kuhusu vidoa vichache kwenye fulana yake: vilirushwa na risasi, au alivipata kwa kugusana na miili alipojaribu kuokoa? Swali hilo sini haina uwezo wa kulijibu. Alitiwa hatiani mara mbili, hukumu zote mbili zikatenguliwa, na katika kesi ya tatu, mwaka 2013, akaachiwa huru.

Taarifa ya mtaalamu inayopelekwa mahakamani inapaswa kuonyesha upana na urefu wa kila doa, kiasi cha kosa la kipimo, na madoa yaliyoachwa pamoja na sababu ya kuyaacha. Wakili wa utetezi akipewa namba hizo anaweza kurudia hesabu yote kwa kikokotoo cha mwanafunzi, na ana haki ya kupewa.