Ndimu na kolera: maneno tuliyotoa kwenye mukutano wa wanamemba



Leo hatukuja kusema ndimu ni mubaya. Sisi wa tereni pia tunaikamulia kwenye ndagala. Lakini juzi, tukipita nyumba kwa nyumba hapa kando ya Ziwa Tanganyika, tulikuta mama mumoja ananywesha mutoto maji ya ndimu tangu usiku, ju aliambiwa inaua kolera. Macho ya mutoto yalikuwa yameingia ndani. Tulimubeba mbio mpaka kituo cha afya, wakamutia serumu. Leo anacheza. Tungechelewa kidogo, tungekuwa kwenye matanga.

Ile habari ya ndimu iko na ukweli ndani. Kijidudu cha kolera hakipendi uchachu. Kule Guinea-Bissau, miaka ya 1990, watafiti waliona kama watu waliotia maji ya ndimu kwenye muchuzi wa wali walipatwa na kolera kidogo kuliko wengine. Uchachu unazuia kijidudu kuzaana ndani ya chakula.

Basi, muendelee kukamulia ndimu kwenye chakula. Lakini ndimu mbili ndani ya bido ya litri 20 hazileti uchachu wa kutosha. Na kijidudu kikisha kuingia katika matumbo, ndimu haiwezi kukifuata kule. Mugonjwa wa kolera anauawa na kuishiwa maji mwilini, tena kwa saa chache tu. Mumupe serumu ya kunywa. Kama ya paketi haiko, mutengeneze: maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Halafu kituo cha afya palepale, anaendelea kunywa njiani. Na ugonjwa wa virusi, kama Ebola ao korona, ndimu haiuponyeshi.

Kule kambini Tanzania, maji ya bomba yalitufikia wengine wakiwa wamekwisha kuyatia klori. Hapa kwetu tunachota ziwani, kazi ni yetu wenyewe. Mupitishe bido kwa watu wa klori, mungojee nusu saa mbele ya kunywa.

Wafadhili, ombi letu ni moja: klori isikatike hata siku moja. Ndimu tuko nazo kwenye miti yetu, klori haioti.