Habari Itangulie Maji

(Maneno kwa vijana, kikao cha tawi, Ifakara)

Leo siongelei uchaguzi. Naongelea ndoo ya maji.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Watu wengi wakacheka. Lakini jamani, kicheko siyo ushahidi. Anayebisha aje na chupa ya maji ya siku ya kwanza, imeandikwa saa na mahali.

Tuje kwetu. Lumemo na mito wenzake inashuka Udzungwa, inapita mashambani, reli ya TAZARA inaivuka, inaingia Kilombero. Dawa za magugu tunapuliza wenyewe, na bomba tunaosha mtoni humohumo. Siku lori la kemikali likipinduka darajani, wa chini atajuaje? Fanya hesabu: maji yakitembea nusu mita kwa sekunde, kwa saa 24 yamefika kilomita 43. Huo ndio muda tulionao. Na kuchemsha hakusaidii. Moto unaua vijidudu, hauondoi sumu ya kemikali.

Mwaka 1986 ghala la kemikali la Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi, sumu ikaingia Mto Rhine. Kule chini, Uholanzi, wakaacha kuchota maji mtoni mpaka sumu ipite. Waliweza kwa sababu habari iliwafikia kabla ya maji.

Kwa hiyo tunaidai Bodi ya Maji Bonde la Rufiji: vipimo vya mto vibandikwe ofisi za vijiji, kila mwezi. Siyo hisani. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka tujibiwe ndani ya siku 30. Barua tunaandika wiki hii.

Na sisi tuna kazi. Kila kijiji cha mtoni kiwe na kijana mmoja mwenye simu. Ukiona samaki wamekufa, usiwaokote. Pigia mwenyekiti wa kijiji, pigia kijiji cha chini, pigia Bodi. Jaza chupa safi, andika saa. Na kuanzia kesho, bomba lisioshwe mtoni. Hatuwezi kudai maji safi huku tunayachafua wenyewe.