Mwenye Misuli Alenge Kilo Ngapi?

Mazungumzo kwa wabebaji mizigo na askari wa kaunti, siku ya kupima presha sokoni



Mbebaji mizigo wa miaka 41 anapanda mizani. Urefu wake ni mita 1.75, uzito wake kilo 98. Ana kifua kipana, shingo nene, na mabega yaliyozoea gunia la mahindi la kilo 90 tangu ujana. Presha yake ni 150 kwa 95. Mhudumu anatazama chati ukutani na kumwambia: "Unafaa kuwa kilo 76. Punguza 22." Bwana huyo anavaa shati lake, anashukuru, na kliniki haimwoni tena.

Huyo ni mtu wa mfano tu, lakini kila aliyeketi hapa anamjua mwenzake anayefanana naye. Hakutoroka kwa uvivu. Alipewa lengo ambalo mwili wake hauwezi kulifikia, akalikatia tamaa papo hapo, na presha akaenda nayo nyumbani.

Chati ile hutumia kipimo kiitwacho BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Bwana huyu anapata 32, na Shirika la Afya Duniani huhesabu 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia. Hesabu hiyo ilianzishwa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Yeye alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi, wala hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Kwa watu wengi bado inafaa, na ni rahisi. Ila haijui kilo ya misuli ni ipi na kilo ya mafuta ni ipi, hivyo mchezaji wa raga na mtu anayeshinda kitini wanaweza kutoka na namba ile ile.

Chukueni kwamba robo ya uzito wa bwana huyu ni mafuta. Hizo ni kilo 24.5. Zinazobaki, kilo 73.5, ni misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Ili afike 76 bila kupoteza msuli wowote, abaki na kilo 2.5 tu za mafuta, yaani kama asilimia 3 ya mwili. Hata wakimbiaji wa marathoni kwa kawaida hawafiki hapo. Njia nyingine ni ajinyime chakula hadi misuli iliwe, na misuli hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto wake.

Sasa hesabu ianzie kwenye zile 73.5. Akizilinda, na mafuta yakishuka hadi asilimia 18, atakuwa na kilo 90 hivi. Kumbe kazi iliyo mbele yake ni kilo 8, si 22. Kwa nusu kilo kila wiki, hiyo ni miezi minne, au mitano maana zipo wiki ambazo mizani hukataa kusogea. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kushusha presha na sukari, na kilo 8 ziko ndani ya kiwango hicho.

Lakini wenye misuli wana kisingizio chao pia: "Hii ni misuli tu, daktari." Hapo dawa ni tepu ya fundi cherehani. Ipitishwe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshusha pumzi. Isipitishwe penye mshipi! Wapo wanaume waliovaa suruali ya saizi moja miaka kumi kwa sababu tumbo limepita juu yake. Kwa mwanaume, hatari huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 94, na huwa kubwa zaidi baada ya 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Mikono minene haiongezi kiuno. Mizani za umeme zinazodai kusoma mafuta hukisia tu, na kisio hubadilika hata kwa maji aliyokunywa mtu, kwa hiyo tepu ipimwe kila baada ya wiki mbili na iaminiwe kuliko mizani.

Kuhusu chakula, anayebeba magunia asishinde njaa. Maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa yawepo katika kila mlo, kwa kuwa ndiyo yanayolinda misuli. Kinachofaa kuondoka kwanza ni sukari. Soda ya kola ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, karibu vijiko 12 vya chai, na wapo wanaokunywa mbili kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo ndipo ugali wa usiku upunguzwe kwa robo. Mbebaji aendelee kubeba. Askari aliyeacha mazoezi tangu chuo, na sasa anashinda ndani ya gari la doria, arudie kupiga pushapu na kuchuchumaa angalau mara mbili kwa wiki, la sivyo sehemu ya atakachopoteza itakuwa misuli.

Presha ya 150 kwa 95 isingoje miezi minne hiyo. Ipimwe tena siku nyingine, na ikibaki juu, matibabu yaanze huku uzito ukishuka. Anayetumia dawa za presha au kisukari amwone mhudumu wake kabla ya kubadilisha mlo, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kurekebishwa, na asijipunguzie mwenyewe.

Tepu, mizani na mashine za presha ziko kwenye hema karibu na lango la kuingilia, hadi saa kumi jioni. Waliokuja na buti za kazi wazivue kwanza.