Maneno ya Utumwa Vinywani Mwetu

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze leo, iliambatanisha na barua yake fomu moja. Fomu hiyo yatutaka tuandike jina, mwaka wa kumaliza, kazi, na jina la utani tulilokuwa tukiitwa bwenini, ili yote yachapwe katika jarida letu. Langu nililijaza upesi. Mimi nilikuwa "Dasta", kwa sababu ya nywele, na sioni haya kulichapisha. Lakini chini yake pana nafasi ya kuwataja wenzetu tunaowakumbuka, na majina yao ya utani. Hapo kalamu ilisita, na sababu ya kusita huko ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mwaka 1997, tulipokuwa Kidato cha Pili, alihamia darasani kwetu mvulana kutoka kusini, mweusi sana, mpole, hodari wa hesabu. Wiki hiyo tulikuwa tukisoma habari za misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Mwalimu alipolitaja neno "mtwana", yaani mtumwa wa kiume, nilimgeukia mgeni yule nikamwita hivyo. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile hadi alipohama mwishoni mwa mwaka, hakuwa na jina jingine. Aliitwa hivyo kwenye foleni ya uji, aliitwa hivyo uwanjani, na viranja nao walimwita hivyo walipotangaza zamu za kufagia. Hakupigana na mtu. Sisi tukaamini kwamba amelikubali.

Tulidhani ni mzaha wa watoto. Kumbe neno lile lilikuwa na kazi yake kabla halijafika darasani kwetu. Mtu aliyeitwa mtwana, au mwanamke aliyeitwa mjakazi, aliweza kuuzwa, kurithiwa, hata kuwekwa rehani. Katika miaka ya 1860 maelfu kwa maelfu walipitishwa katika forodha ya Zanzibar kila mwaka, wengi wao wakitokea Kilwa. Wauzaji walikuwamo Waarabu, walikuwamo Waswahili, na walikuwamo machifu wa bara waliowateka jirani zao. Na karne moja kabla ya hapo Wafaransa nao walikuja Kilwa kununua watu wa kulima mashamba yao ya visiwani. Nayataja haya ili asitokee mtu humu akadhani kwamba aibu hii ni ya kabila moja.

Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash. Hali yenyewe ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hebu hesabuni, vijana: toka 1922 hadi kicheko chetu cha 1997 ni miaka 75. Ni umri wa bibi mmoja.

Hali ilifutwa, maneno yakabaki mitaani yakitafuta kazi nyingine. Muungwana, tunayemsifu leo kwa adabu zake, zamani alikuwa kwanza ni mtu asiye mtumwa. Mshenzi, tunayemtukana leo kwa kukosa adabu, alikuwa mtu wa bara machoni pa watu wa pwani. Na mtu wa bara ndiye aliyewindwa. Hata mtoro, anayesomwa kila asubuhi katika orodha ya mwalimu wa zamu, amerithi jina la mtumwa aliyekimbia shamba la bwana wake akajificha porini. (Sisemi mwalimu wa zamu aache kuwasoma watoro. Mimi mwenyewe nilisomwa mara nyingi.)

Kisha wakaja wakoloni na lao. Mzee mwenye wajukuu, mpishi wa nyumba ya Bwana Shauri, aliitwa "boi", neno ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na hospitali kadhalika; kila mtu aliwekwa katika fungu lake kwa rangi yake, na rangi ikafanywa kipimo cha akili na cha mshahara. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 tulifundishwa kuitana "ndugu", na kwa hakika neno hilo lilifanya kazi kubwa. Lakini boi hakuondoka. Yumo majumbani mwetu wasomi, anaitwa hausiboi, na aliyempa jina hilo si Mzungu.

Msidhani nakuza jambo dogo. Huko Zanzibar, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, magazeti ya vyama yalitupiana maneno ya namna hii: fulani ni mjukuu wa mtumwa, fulani ni mjukuu wa mfanyabiashara ya watumwa. Mwezi Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, watu wa mashamba na wenye vijiduka ambao hawakuwahi kumuuza mtu.

Na neno husafiri. "Kafiri" lilikuwa neno la dini tu, mtu asiyeamini. Wafanyabiashara wa pwani hii walilitumia kwa watu weusi wasio Waislamu, Wareno wakalidaka, Waholanzi na Waingereza wakalichukua, na kule Afrika Kusini likawa tusi la Kaburu kwa kila mtu mweusi, awe ameamini au hakuamini. Mwaka 2018 mahakama moja nchini humo ilimfunga mwanamke aliyewatukana askari polisi kwa neno hilo mara kadhaa. Lile la Marekani, mnaloliimba mabwenini bila kujua, nalo lilianza kama neno la kutaja rangi nyeusi, bila tusi. Lilichafuliwa mnadani.

Narudi kwa mwenzetu. Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya wilaya, na kazi yangu ni kuhudumia wananchi. Mwaka 2019 alikuja kufuatilia hati ya kiwanja. Nilimtambua mara moja na nikafurahi kweli kweli. Kwa furaha hiyo nikamwita kwa sauti, kutoka nyuma ya kaunta, kwa jina lile lile, mbele ya watu waliojaa kwenye benchi na mbele ya makarani wangu.

Hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Bwana Afisa, mimi nina jina. Liko kwenye hiyo fomu unayoishika."

Tulipomaliza shughuli yake nilimfuata nje nikamwomba radhi. Ndipo akaniambia kwamba kwao neno hilo halitajwi ndani ya nyumba, kwa sababu mama wa bibi yake alizaliwa shambani kwa mtu, karibu na Kilwa, naye alikuwa mali ya mtu huyo. Alijua haya siku ile darasani, akiwa na miaka kumi na mitano. Sisi ndio tuliokuwa tunajifunza historia. Yeye alikuwa ameketi nayo. Niliporudi ofisini niliwakuta makarani wakilirudia jina lile na kucheka, nami sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi kwako na kwa Mhariri. Majina ya utani yachapwe, ya akina Dasta na wenzake, tucheke. Hilo moja lisichapwe, hata kama mtu mwingine wa darasa letu ameliandika kwa nia njema. Nilimpigia simu mwenyewe wiki iliyopita kumuuliza kama anapenda aingizwe katika orodha yetu, maana alikaa nasi mwaka mmoja tu. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali. Ametaka yaandikwe majina yake matatu, kama yalivyokuwa katika kitabu cha mahudhurio. Nimeyaandika. Fomu yangu hii hapa.